Shati la Mdogo Wake Fundi Saa

Benchi letu liko kati ya kibanda cha Fundi Saa na jiko la muuza kahawa, na kila kesi inayofika pale huhukumiwa kabla kikombe cha pili hakijapoa. Hii ya jana natamani isingefika. Mdogo wake Fundi Saa, mpakia mizigo, alikamatwa alfajiri: ghala la tajiri wake limeungua usiku, mlinzi amefia ndani. Kesi ya mauaji. Fundi alikuja na mfuko, ndani yake shati alilovaa mdogo wake usiku ule. Mimi nauza magazeti pembeni, na udadisi ndio maradhi yangu, basi nikasogea.

FUNDI SAA: Polisi watakuja kulitafuta hili. Nifanyeje, jamani?

WAZIRI (karani mstaafu, sheria anazisoma kwenye magazeti yangu bila kununua): Kwanza usikanyage kituoni. Mwenda pole hajikwai.

KINYOZI: Pole gani, na mtu yuko ndani? Toa shati tulione. Lina damu?

FUNDI SAA: Damu ya nini? Mlinzi kafa kwa moto.

KINYOZI: Huwezi jua. Damu nzito kuliko maji, ndiyo maana ukiifua haitoki. Tia mafuta ya taa.

FUNDI SAA: Mafuta ya taa? Kwenye kesi ya moto?

Kinyozi alilitundika shati kwenye msumari juu ya jiko linalofuka moshi, ati tulikague vizuri. Shati la buluu, kifungo kimoja hakipo. Tukalizunguka na vikombe vyetu.

WAZIRI: Achaneni na nguo. Twende sote mahakamani, tuape alikuwa hapa benchini.

MUUZA KAHAWA: Usiku kucha? Mimi nafunga magharibi.

WAZIRI: Siku hiyo ulichelewa. Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

MUUZA KAHAWA: Haya. Alikunywa vikombe vingapi?

WAZIRI: Vitatu.

KINYOZI: Viwili. Mimi nilikuwa namnyoa.

WAZIRI: Gizani?

KINYOZI: Kichwa chake nakijua.

MUUZA KAHAWA: Mnajisumbua. Akiri leo, kesho akane, keshokutwa akiri tena. Wakichoka watamwachia.

FUNDI SAA: Jamani, mama yetu hajatia kitu mdomoni tangu alfajiri. Huyu nilikuwa namvusha barabara nikimshika mkono. Nikikosea neno moja nimemzika.

Waziri alikuwa ameshaanza habari ya mlinzi mwenye pacha aliyefichwa tangu utotoni, ndipo tukasikia mtu anakohoa. Mama mmoja, mteja wa Fundi, alikuwa amekuja kuchukua saa yake. Tulikuwa tumemsahau amesimama pale kitambo kizima.

MAMA: Samahani, baba zangu. Ana wakili?

FUNDI SAA: Hana.

MAMA: Basi hiyo ndiyo kazi ya leo. Mwanangu alishikwa mwaka juzi. Tulikimbilia ofisi ya msaada wa sheria, wakatupa wakili, naye akamwambia mwanangu asiandike maelezo yoyote kabla hawajaonana. Vitu vyake hatukuvigusa. Wakili alisema kisichomtia hatiani huenda ndicho kitakachomtoa.

WAZIRI: Hata mimi nilitaka kusema hivyo.

MAMA: Na hilo shati, baba. Lilipotoka nyumbani lilikuwa linanuka moshi?

FUNDI SAA: Sikulinusa.

Fundi alilishusha kwenye msumari, akalipeleka puani. Kisha akanipa mimi. Nikanusa. Linanuka moshi, kola mpaka mikono.

FUNDI SAA: Wa ghala, au wa hapa?

Waziri aliutazama msumari, na moshi wa jiko ukiupandia.