Alhamisi za Kiswere: Maisha ya Marehemu Hyderali Tajdin, 1906–1957

Marehemu Hyderali Tajdin alizaliwa Kilwa Kivinje tarehe 14 Machi 1906, mtoto wa tatu wa mwenye duka la vitambaa. Duka halikumvuta. Alipokuwa na miaka tisa alifungua saa ya ukutani ya baba yake ili ajue sauti inatoka wapi. Alijua, ila saa haikulia tena.

Alisoma Kivinje, kisha Unguja, na mwaka 1929 akapata shahada ya fizikia huko Bombei. Aliporudi aliajiriwa na serikali, upande wa simu ya upepo, yaani ya redio, hapa Lindi. Mwaka 1933 alimwoa Bi Kherbanu.

Jambo lililomkaa rohoni lilikuwa moja: kwa nini mawimbi ya redio hupungua nguvu yakipita juu ya bahari? Mwaka 1946 aliweka mtambo wa kurusha Lindi, na wa kupokea katika kijiji cha wavuvi cha Kiswere, uani kwa mwenyeji mmoja, Bi Kazija, pamoja na waya mrefu wa kunasia mawimbi. Msaidizi wake, Bwana Bakary, alisoma mita kila saa na kuandika daftarini. Kila Alhamisi, saa nne hadi saa saba mchana, nguvu ilianguka. Ni upepo? Ni maji kujaa? Marehemu aliandika ripoti ya kurasa kumi na moja, akashauri tahadhari za dhoruba zisipelekwe Kiswere Alhamisi asubuhi, zingoje adhuhuri ipite. Ripoti ilisifiwa, akaalikwa Uingereza kuendelea na utafiti.

Hata hivyo hakutulia. Alhamisi moja kabla ya safari alikwenda Kiswere mwenyewe, akakuta waya umelemewa na nguo mbichi, zinakaushwa kwa ajili ya Ijumaa.

"Waya mrefu hivi, juani, ukae bure, mwanangu?" alisema Bi Kazija.

Bakary aliinamisha kichwa. "Nguo za mama mtu mzima, bwana, ningeziandikaje kwenye daftari la serikali?"

Marehemu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaandika barua ya kuifuta ripoti yake, ingawa hakuna aliyemshuku. Mwaliko wa Uingereza nao ukafutwa. Bi Kherbanu alikuwa amekwisha kuaga Lindi nzima. Ameniagiza mimi, mtoto wa kaka wa marehemu, niseme wazi: "Usimpambe. Waambie nilimnunia mwaka mzima."

Marehemu alimfungia Bi Kazija kamba ya kuanikia, akaanza kupima upya. Siku nyingine nguvu bado ilipungua, na sababu hakuijua. Alipenda kutuambia hivyo, kwa furaha kabisa.

Alhamisi tarehe 15 Machi 1951, saa nne unusu asubuhi, tahadhari ya dhoruba ilitumwa Kiswere. Ilifika. Bakary alikimbia nayo ufukweni, na vyombo kumi na saba vilivyokuwa vikipakia nyavu havikutoka.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 1955. Alilazwa hospitalini Lindi Oktoba mwaka huu, akamwuliza daktari maswali mengi kuliko aliyoulizwa yeye. Alifariki Jumanne tarehe 5 Novemba 1957, baada ya adhuhuri. Tumepungukiwa sana.

Ameacha mjane, Bi Kherbanu. Binti wawili, Khairunnisa na Malekbanu. Na wajukuu watano. Ameacha pia wavuvi wa Kiswere, wale mnaowaona wamesimama karibu na ukuta. Wapo hai.

Mola amlaze pema, na maswali aliyoondoka nayo amjibu.