Mstari wa Kwanza

"Imekubali," alisema Hafsa, binti aliyepakata kompyuta tangu basi lilipotoka Lindi. "Siku tatu npm, programu ya kuingiza vifurushi vya msimbo wa JavaScript ninaoandikia tovuti, inagoma, nami nalaumu mtandao."

"Ni mtandao, mwanangu," alisema jirani yake wa kiti, Mzee Modesti. "Hapa pana mnara, ndiyo maana imekubali."

Kwetu mtandao hulaumiwa hata na aliyesahau kuchaji simu.

"Hapana, baba. Kosa liliandikwa mstari wa kwanza wa ujumbe: Node, programu inayoendesha npm, ni ya zamani. Mimi nilikuwa nikisoma wa mwisho tu. Nimeweka mpya, vyote vimeingia."

"Mnara huo."

Basi likasimama Nangurukuru. Modesti akapiga simu, ikakataa.

"Unaona? Mtandao."

"Soma ilichoandika, baba."

Akaisogeza simu mbali na macho, akasoma, "Huna salio la kutosha," akaitia mfukoni, akashuka bila kuaga.