Maji ya Moto ya Bure

Kwenye basi, fundi anayepima matumizi ya umeme kwenye mabanda ya ng'ombe alimwambia mama mfugaji kwamba maziwa yanapopozwa, joto lake linaweza kupasha maji ya kuoshea vyombo bure. "Mtambo wa kufanya hivyo ninao, mwanangu," akajibu mama, "na umeme umezidi." Fundi akakunja uso kana kwamba mita yake imetukanwa. "Maji hayo baba watoto anayaoga yote, kutwa mara tatu," mama akaeleza. " Ya vyombo nachemsha kwa umeme." Fundi akasema mzee akatazwe. "Nimkataze? Mtu niliyembembeleza aoge miaka na miaka?" Mimi niliyekaa karibu nao nikageukia dirishani, nisionekane ninavyocheka. Basi likasimama, fundi akashuka. Mama akatoa kichwa nje. "Njoo upime, mwanangu, ila umeme upunguze kwa ng'ombe. Mzee niachie hivyohivyo, ananukia."