Orville Saarela, Mwandishi wa Kanuni ya Sare

Orville Saarela alizaliwa tarehe 3 Machi 1947 mjini Hancock, Michigan, mtoto wa kwanza wa mchimba shaba Eino na mkewe Hilja. Miaka miwili baadaye alizaliwa Reino, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, na ambaye hakuvaa koti jipya mpaka alipofika chuo.

Alisoma shule za hapahapa, kisha akajiunga na chuo mwaka 1965. Jicho lake la kushoto lilikuwa bovu, hivyo hakuruhusiwa kucheza hoki ya barafu. Reino alikuwa kipa wa chuo, na hilo peke yake ndilo alilomzidi kaka yake. Orville akapewa meza ya kuandika matokeo.

Jumamosi alasiri, tarehe 28 Desemba 1968, ndipo jina lake lilipotoka. Fainali ya mashindano ya vyuo vinne ilikuwa mbili kwa mbili, na dakika kumi za nyongeza zikaisha bila goli. Makocha wakaja mezani wakibishana: ligi inakubali sare, lakini kombe lazima lipate mwenyewe. Orville akaandika mistari miwili nao wakatia saini. Ilisema hivi: kwenye kumbukumbu mechi imekwisha sare. Kinachoendelea ni cha kombe tu, na goli lolote halitahesabiwa kwa timu wala kwa kipa. Dakika nne baadaye kisahani, ndicho mpira wa hoki ya barafu, kikapita katikati ya miguu ya Reino. Kombe likaenda zake.

Kanuni hiyo ikaigwa na mashindano mengine. Orville alifundisha hesabu sekondari miaka thelathini na moja, na kila mechi ilipokwama alipigiwa simu kutoka majimbo matatu. Reino naye alibaki na rekodi ya kipa wa chuo aliyefungwa magoli machache kuliko wote, kwa tofauti ya goli moja.

"We Reino, mshukuru kaka yako! Bila kalamu yake ungekuwa nani?" walimtania mjini.

Alicheka nao, lakini wivu ulimla. Hata sifa yake ilikuwa imetoka mkononi mwa Orville.

Tarehe 20 Juni 1970 Orville alimwoa Aune Mattila, msichana aliyekaa nyuma ya goli la Reino kila mechi. Reino alisimamia harusi, akala pai mbili za nyama, na hakufurahi hata kidogo. Aune aliyasoma maneno haya jana akasema yasifutwe.

Mwaka jana Orville aligundulika ana saratani ya kongosho. Reino alimpeleka sauna, chumba cha kuogea mvuke, kila Jumamosi, na huko mwezi Januari akamuuliza.

"Kaka, niambie kweli. Siku ile ulinihurumia?"

"Nikuhurumie wewe?" Orville alicheka mpaka akakohoa. "Aune alikuwa hakubandui macho. Nilikaa pale mezani naomba ufungwe, Reino. Ndugu yangu wa damu! Halafu nikajiona mshenzi, ndipo nikaandika goli lisihesabiwe."

"Miaka hamsini na tatu nakuonea wivu, mzee!"

"Mimi nilianza zamani. Wewe ulikuwa na macho mawili."

Alifariki Jumatano, tarehe 9 Februari 2022, saa nne asubuhi, nyumbani kwake. Ameacha mjane, Aune, watoto wawili, Wendla na Carl, wajukuu watano, na mdogo wake, Reino.

Juzi Reino alikwenda chuoni kuomba goli lile liingizwe kwenye rekodi yake. Karani alimwonyesha mistari miwili ya Orville, akakataa. Basi Reino analiandikisha hapa, mbele ya jeneza: tatu kwa mbili, na kipa aliyefungwa ni Reino Saarela.

Sasa tuko sawa, kaka. Lala kwa amani.