Barabara ya Gari Moja

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza, wahandisi wa barabara, kina mama wa Tizgi mliokuja kwa miguu, na zaidi ya wote wewe Mzee Hammu Uzgan, uliyeendesha greda miaka thelathini na moja na leo unakabidhi funguo: salamu zangu kwenu.

Nimeombwa nimsifu Hammu. Nitaanza kwa kujishtaki, maana sifa yake inaanzia kwenye kosa langu.

Siku ya pili baada ya tetemeko nilipiga video hapa kijijini, nikairusha mtandaoni na maneno matatu: “Tizgi wana njaa.” Mimi, ninayewakemea wenzangu magazetini kila wiki kwa uzembe, sikumuuliza mtu hata mmoja kama ana njaa. Unga ulikuwepo. Kilichotakiwa ni kumteremsha Tuda Ubella, aliyepondwa mguu na boriti ya dari.

Kufikia adhuhuri watu laki mbili walikuwa wameitazama, na magari zaidi ya mia yakawa yanapanda kutoka Marakeshi na Kasablanka, yamejaa mikate. Barabara yetu ni ya gari moja. Na sisi je? Nyumba zimelala chini, lakini nani hapa angekubali mgeni aondoke bila chai? Birika zikatengwa katikati ya vifusi. Wageni wakaketi. Ambulensi ikakwama kilomita tatu chini, nyuma ya mikate.

Hammu akaja, vumbi mpaka kwenye nyusi.

“Bwana mwandishi, wewe ndiye uliyewaita hawa?”

“Ndiyo, Mzee. Watu wameguswa sana.”

“Tuda kaguswa na boriti, wewe sijui umeguswa na nini. Futa hiyo video!”

Nikamwambia kuifuta hakutawageuza walio njiani.

“Basi nipige video na mimi.”

“Hujanawa uso, Mzee.”

“Kwani naenda kuposa?”

Alisema hivi tu: “Mimi dereva wa greda, Tizgi. Leo Jumanne, saa nane mchana. Barabara ni ya gari moja na kuna mgonjwa. Ambao hamjavuka daraja, shusheni mizigo sokoni mgeuke. Mliokwisha kulivuka, teremkeni sasa. Kesho msiutume tena ujumbe huu.” Kisha akawageukia kina mama: “Mwageni chai!”

“Chai ya mgeni, Hammu? Huna haya!”

Ni Tuda mwenyewe, akiwa kwenye blanketi, aliyesema: “Mwageni, dada zangu.”

Ikamwagwa, wageni wakaondoa magari. Ambulensi ikafika. Tuda alipona, mguu haukupona. Daktari hakutaka kuniambia kama zile saa tatu ambulensi ilizokwama zingeuokoa.

Wapo wanaosema mtandao ndio uliotuokoa. Wapo wanaotaka uzimwe kila ardhi inapotikisika. Wote wanakwepa maswali matatu: nani anasema, lini, na kinahitajika nini? Video yangu haikujibu hata moja. Ya Hammu ilijibu yote, na waliitazama watu mia sita, karibu wote wakiwa kwenye foleni ile. Yangu bado inazunguka. Wiki iliyopita mtu kaniuliza alete wapi mikate.

Tuda, uliyeketi mstari wa mbele, sijawahi kukuomba radhi mbele ya watu. Nakuomba leo. Si lazima unijibu.

Mzee Hammu, asante. Nanyi nyote, nashukuru kwa kunivumilia mpaka hapa.