Mizani ya Buluu ya Bi Mwanamkasi

Sote ni wa Mwenyezi Mungu, na Kwake tunarejea. Leo tunamuaga Bi Mwanamkasi Mselem Faki, ambaye nyumbani kwake Stechford, hapa Birmingham, haikupita wiki asipige ukelele mlangoni: "Njooni muone!"

Alizaliwa Wete, Pemba, tarehe 14 Machi 1951, binti wa Mzee Mselem Faki, karani wa posta, na Bi Time Hamad. Alisoma huko huko Wete, akamaliza kidato cha nne mwaka 1969. Skuli ikifungwa hakamatiki, mbio mpaka posta kumtazama baba yake akipima barua. Mizani inayotikiswa na karatasi! Wazimu ulimwingia hapo, na haukumtoka.

Tarehe 9 Agosti 1975 aliolewa na Bwana Hafidh Amour, na mwaka 1979 wakahamia Birmingham. Aliajiriwa posta kuchambua barua, akaifanya kazi hiyo hadi kustaafu mwaka 2011.

Mwanawe wa pekee, Asmahan, alizaliwa mwaka 1984. Kama ilivyo ada yetu, siku ya saba mtoto alinyolewa, nywele zipimwe, itolewe sadaka ya fedha ya uzito ule ule. Lakini mizani haikuwapo, zikapimwa kwa kukisia, na jambo hilo likamkera mno. Alipotoka arubaini tu, akaingia dukani kwa Chhotubhai, muuza vitu vya kale Kings Heath, akatoka na mizani ya barua ya shaba, kitako cha kauri ya buluu, waridi zimechorwa kwa mkono. "Njooni muone!" akasema. "Hii haigusi mtu. Mjukuu wangu wa mwanzo ndiye atakayeifungua."

Nyengine zikafuata, za nakshi za majani, za ndege, na moja ya malaika aliyevunjika pua. Zikajaa makabati, zikapanda ngazi. Watoto wetu wengi, hata wa Castle Vale, nywele zao zilipimwa kwake. Lakini ya buluu, thubutu! Aliyethubutu ni Bwana Hafidh peke yake, sikukuu moja, alipopimia iliki za pilau.

"Mizani si mizani?" akajitetea.

"Ya barua hiyo, Bwana Hafidh, si ya jikoni!"

Alinuniwa mpaka Iddi ya pili. Na iliki inanukia mpaka leo.

Mwaka 2012 Asmahan aliolewa na Dayib. Miaka ikapita, mtoto hakuna. Bi Mwanamkasi hakumuuliza mwanawe hata siku moja. Aliisugua tu ile shaba kwa ndimu, akairudisha kabatini.

Januari 2025 maradhi ya moyo yalimlaza. Kiangazi kilipokwisha madaktari walituambia tujitayarishe, na Asmahan alikuwa mjamzito. Hapo kila mtu akawa anaomba dua moja, bibi na mjukuu wakutane. Iman alizaliwa Jumapili tarehe 5 Oktoba. Bi Mwanamkasi, kitandani hospitali, akamwambia daktari, "Nirudishe nyumbani. Jumamosi nna shughuli."

Akarudi. Jumamosi, siku ya saba, mtoto akavuliwa kofia. Masikini, kipara! Kishungi kimoja tu utosini.

"Mama, hana nywele huyu," Asmahan akasema, machozi yanamlenga. "Haitasogea hata kidogo. Tui-cancel tu."

"Kidogo si haba. Lete."

Kishungi kikanyolewa, akaziweka nywele mwenyewe sahanini. Sahani ikasita, ikasita, halafu polepole ikashuka.

"Imecheza! Njooni muone, imecheza!" Alipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha akavua kipini chake cha fedha cha puani, akakiweka upande wa pili. Upande ule ukaanguka pu!

"Imezidi, Mama."

"Na izidi. Sadaka haipunjwi."

Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, baada ya sala ya alfajiri, mizani ya buluu ikiwa mezani karibu yake.

Ameacha mume, Bwana Hafidh, aliyeahidi leo hii kutopimia iliki tena, binti yake Asmahan, mkwewe Dayib, na mjukuu wake Iman, ambaye kwa kishungi kimoja aliitimiza ahadi ya bibi yake.

Mola amlaze pema, na siku ya kupimwa amali, mizani ya mema yake ishuke kwa uzito. Amin.