Bubba Amekuwa Beibi

Benchi letu liko nje ya kituo cha mafuta cha Norma, chini ya mlima uliochimbwa makaa ya mawe hadi yakaisha, na kahawa yake chungu tunainywa kwa sababu hakuna nyingine. Asubuhi ile tulikuwa wanne: mimi, Dizeli, aliyeendesha malori ya makaa, Shemasi, ambaye kanisa lilimvua ushemasi lakini jina likabaki, na Doyle Caudill, baba yake Marlee. Marlee ndiye binti yetu aliyebeba gita akaenda Nashville kutafuta maisha, na ndiyo kwanza tunamsikia redioni. Wimbo wenyewe tuliujua. Aliuimba hapa siku ya kupamba makaburi, akimlilia kaka yake Wade, ambaye mgodi ulimfukia na mpaka leo hawajamtoa.

Kilipoingia kiitikio, Shemasi akashusha kikombe.

— Kasema beibi?

— Kasema bubba, nikamjibu. Huku milimani kaka ni bubba, hata awe na mvi.

— Masikio yangu hayajafa, bwana. "Rudi, beibi, taa ya barazani inawaka." Sikiliza tena.

Tukasikiliza. Beibi. Viatu mlangoni ni vilevile, taa ni ileile, na jina la Wade liko palepale. Neno moja tu, na dada anayemlilia kaka yake akageuka msichana anayemlilia hawara. Niliudhika, tena sana. Doyle alikuwa anatazama kikombe chake.

— Wamemlazimisha, akasema Dizeli. Wale wa muziki wamemwambia, bubba ndiyo nini? Huko kwao hilo ni jina la mbwa.

— Marlee alazimishwe na nani? akasema Shemasi. Yule alimng'oa mwanangu jino shuleni, kisa mwanangu kamkejeli Wade.

— Basi siyo yeye. Siku hizi kuna mashine, unaipa sauti ya mtu, inaimba yenyewe.

— Mashine itajuaje kuvuta pumzi kama Caudill?

— Haya, cheka, akasema Dizeli. Mimi nawaambia kampuni ya mgodi imeinunua ile kampuni ya muziki. Watu wakisikia beibi, nani tena atauliza kaka yuko wapi?

Siku nyingine tungemzomea. Asubuhi ile Shemasi alitema mate pembeni tu.

— Alinipigia simu, akasema Doyle.

Tukamgeukia. Doyle huja kijiweni kusikiliza, si kusema.

— Akaniambia, "Baba, wanataka nibadilishe neno moja, la sivyo hawautoi. Utakasirika?" Nikamwambia, mwanangu, neno moja ni nini? Umelala kwenye gari miaka yote hiyo, imba upate kula.

— Hukumuuliza neno gani? nikasema.

— Sikumuuliza. Alikuwa analia, nikadhani ni furaha.

Hapo ndipo akatoka ndani dereva wa lori la mikate, mgeni kabisa katika njia hii, kabeba kreti tupu na anapiga mluzi. Kiitikio kilekile.

— Mtamu huo wimbo, wazee. Nimeusikia njia nzima. Hivi huyo Wade, mwishowe alimrudia?

Dizeli akachungulia kikombe kilichokwisha kahawa. Norma aliyekuwa anafuta kioo akaingia ndani, na redio ikazimwa.

— Nimeuliza vibaya? akasema dereva.

Doyle akasimama, akavaa kofia yake taratibu.

— Hapana, kijana. Hujakosea, akamwambia. Ngoja nifike nyumbani, nimeacha taa ya barazani inawaka.

Jua lilikuwa limeshapanda juu ya mlima.